Mjadala: Mwana alikosea kumchora baba yake na ubahili wake wote?

Kalamu Butu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Hili limenikaa kooni muda mrefu, leo naliweka mezani tulitafune.

Wengi humu mnaijua Maus ya Art Spiegelman. Kwa wasioijua: ni riwaya ya katuni ya juzuu mbili, ya kwanza ilitoka 1986 na ya pili 1991, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Art anamhoji baba yake mzazi, Vladek, Myahudi wa Polandi aliyetoka hai Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha anachora anayosimuliwa. Wayahudi kawachora panya, Wajerumani paka, Wapolandi nguruwe, Wamarekani mbwa. Lakini vita ni sehemu tu ya kitabu. Sehemu nyingine ni mzee yuleyule akiwa New York, mtaa wa Rego Park huko Queens, mwishoni mwa miaka ya 1970. Yuko mezani anahesabu vidonge. Yuko barabarani anaokota waya wa simu kwenye taka kwa sababu ndani yake mna vijiwaya vya kufungia vitu. Yuko ndani anagombana na mke wake wa pili, Mala, kwa kila senti. Koti la mwanawe, mtu mzima mwenye mke, analitupa jalalani bila kumwuliza kwa sababu eti limechakaa, kisha anampa jaketi lake la zamani la ngozi bandia.

Sasa, kila ninapokitaja kitabu hiki mbele ya watu waliokisoma, lawama ni ileile. Huyu mtoto hana adabu. Mzee kapita motoni, mzaliwa wake wa kwanza kafia vitani akiwa mdogo, ukoo karibu wote umekwisha, halafu wewe uliyezaliwa baada ya vita unakwenda kuwatangazia walimwengu kwamba ana mkono wa birika.

Msimamo wangu: Art alikuwa na haki, na kasoro zile ndizo zinazokibeba kitabu. Kaondoe, utabaki na hadithi ya mtakatifu, na watakatifu hatuwaamini.

Chukueni tukio moja tu, la juzuu ya pili. Mala amemkimbia mzee. Art na mkewe Françoise wamemfuata kwenye nyumba ya mapumziko milimani Catskills. Mzee anaacha jiko la gesi likiwaka mchana kutwa, kwa kuwa gesi imo ndani ya kodi ilhali njiti za kiberiti ananunua mwenyewe. Kisha anakusanya vyakula vilivyobaki, boksi la nafaka ya kifungua kinywa likiwa limeshafunguliwa na kuliwa, anataka vyote virudishwe dukani. Art anamwambia tupa. Mzee anajibu kwamba tangu enzi za Hitler hawezi kutupa hata punje. Wanakwenda. Vijana wanabaki ndani ya gari kwa aibu, wanamwona kupitia kioo akibishana na meneja. Anatoka anatabasamu: amepewa bidhaa za dola sita kwa dola moja, baada ya kumweleza meneja habari za afya yake, za mke aliyemkimbia na za makambini.

Nilicheka, halafu kicheko kikanishia. Kwa sababu ndani ya juzuu hiyohiyo mtu huyohuyo yuko Auschwitz anajinyima mkate, anaubadilisha kwa sigara, anaweka sigara moja moja mpaka zifike mia pamoja na chupa ya vodka, ili ahonge na mkewe Anja ahamishiwe kambi iliyo karibu naye. Zikaibwa. Akaanza upya. Kamfundisha nyapara Kiingereza ili apate nguo inayomwenea. Kajiita fundi bati, kisha fundi viatu. Ule ubahili unaotukera Queens ndio uliomvusha kule. Wa kumfukuza hayupo tena, yeye bado anaweka akiba.

Haya, semeni. Alikosea au hakukosea? Msinijie na "hayo ni ya wazungu tu".

Mwana wa Pangani

Kalamu, umeandika vizuri ila umeruka palipo na kidonda. Ubahili nakuachia, kila ukoo una mjomba wa namna hiyo. Mimi nina ugomvi na habari ya Lucia.

Kwa ambao hawajakisoma: sura ya kwanza yote ni ujana wa Vladek pale Częstochowa, kijana mtanashati, watu wanamfananisha na mcheza filamu Valentino. Ana mpenzi anaitwa Lucia Greenberg, wamekuwa pamoja muda mrefu, binti anataka ndoa. Kwao hawana kitu. Anatokea Anja wa Sosnowiec, kwao wana kiwanda cha soksi. Lucia anaachwa. Kuna mchoro binti yuko chini sakafuni amemshika miguu asimwache.

Mzee akishamaliza kusimulia hayo anamwambia mwanawe: haya usiyaandike. Hayahusiani na Hitler wala na mauaji, ni mambo yangu ya faragha, si heshima. Mwana anabisha kidogo, kisha anainua mkono anaahidi. Sura inaisha hapo. Mimi na wewe tunaijua habari ya Lucia kwa kuwa ahadi ilivunjwa, na jamaa kaichora hata hiyo ahadi yenyewe, tuione anavyoivunja.

Mzee alifariki 1982, kitabu 1986. Nani alikuwepo wa kumwambia "uliniahidi"? Kwetu aliyekufa hasemwi, na wosia wa mzazi hauchezewi. Sijali umepata tuzo gani.

Kabwela

Ubahili si dhambi, ni bajeti. Endeleeni, nimeketi.

Kalamu Butu (mleta mada)

Mwana wa Pangani, hapo kwenye tarehe tuwekane sawa. Ndiyo, juzuu ilitoka 1986, lakini sura hiyo ya Lucia ilichapwa Desemba 1980 katika jarida la Raw, ambalo Art na Françoise walikuwa wakilitoa wenyewe. Mzee alikuwa hai. Kwa hiyo hoja ya kwamba mwana aliotea mzee afe haisimami.

Ahadi aliivunja, sibishi. Ninachosema ni kwamba angeweza kuivunja kimyakimya. Angetuletea Lucia bila kile kisanduku cha mwisho cha mkono ulioinuliwa, nani angejua? Kaamua tumwone muongo. Mtu anayeanika kasoro za baba yake halafu ya kwake akaificha, huyo ningemwita msaliti. Huyu kajichora anavuta sigara, anamfokea mzee mgonjwa, anawaza kazi yake kuliko afya ya baba. Juzuu ya pili kajichora ameketi kwenye meza yake ya kuchorea, chini yake rundo la maiti, wanahabari wanapanda juu ya miili kumhoji kuhusu mafanikio yake. Hiyo si picha ya mtu anayejipendelea.

Mwana wa Pangani

Mwizi akikuonyesha alipopitia ukuta, mali inarudi?

Bi Subira

Nimesoma michango yote, nawashangaa kaka zangu. Mnabishana baba na mwana, baba na mwana. Mala je?

Kalamu, nadharia yako kwamba vita ndiyo iliyomfinyanga mzee kitabu chenyewe kinaikataa, na anayeikataa ni Mala. Kuna mahali Art anamwambia hivyohivyo unavyosema wewe: nilidhani vita ndiyo iliyomfanya awe hivi. Mala anamtolea macho. Yeye mwenyewe alipita makambini. Marafiki zao wote wamepita makambini. Hakuna aliye kama Vladek.

Huyu mama aliteseka kama Vladek alivyoteseka, kisha akaolewa na mjane ambaye mke wa kwanza, Anja, alijiua 1968, na nyumba imejaa picha za marehemu. Anampikia, anamwuguza, anaomba hela kama mtoto. Kitabuni tunamwona akilalamika tu, ndiyo maana msomaji anamaliza akimkumbuka kama mwanamke wa kelele. Wakati sura za kwanza zinachapwa alikuwa hai kama Vladek. Mwana aliweka kinasa sauti mbele ya baba yake, na baba akajua anarekodiwa. Mala alikuwa anamsengenya mumewe jikoni kwa mtoto wa kambo, kama wanawake wote tunavyofanya tukichoka. Maneno ya jikoni yakaenda kitabuni.

Mkitaka kuzungumzia haki ya mtu kutoanikwa, anzieni kwa yule asiyekuwa shujaa wa hadithi.

Kalamu Butu (mleta mada)

Dada Subira, hapo nimekaa kitako. Ila tazama ni nani aliyempa Mala nafasi ya kuivunja ile nadharia. Ni Art. Angetaka kumtetea baba kirahisi angemnyamazisha Mala, abaki na maelezo matamu kwamba kila ubaya wa mzee ni jeraha la Auschwitz. Ule mstari wa Mala unaninyima mimi msomaji nafasi ya kumsamehe Vladek kwa bei rahisi. Labda alikuwa bahili tangu Częstochowa. Habari ya Lucia inaonyesha hesabu za fedha alianza nazo mapema! Ndiyo maana nasema ile sura ilibidi iwemo. Bila Lucia tungedhani pesa ilimwingia kichwani kwa sababu ya Wajerumani.

Na kuna yule daktari wa akili anayemtibu Art, Pavel, naye manusura wa Auschwitz. Anamwambia jambo ambalo sijawahi kulisahau: waliopona hawakuwa walio bora, na waliokufa hawakuwa walio bora, mambo yalikwenda ovyo tu. Watu wengi wanaosoma kitabu hiki wanatafuta ni sifa gani iliyomwokoa Vladek. Ujanja? Ufundi? Lugha? Pavel anaikata hiyo. Kama kupona hakukuwa zawadi ya wema, basi Vladek hana deni la kuwa mwema kwa sababu alipona.

Mhamiaji wa Ohio

Naombeni nafasi, niko huku Marekani na nitasema kama Mwafrika.

Mnaongea ubahili mkaacha ubaguzi. Wakitoka kulekule dukani kurudisha vyakula, Françoise anasimamisha gari kumpa lifti Mmarekani mweusi. Vladek anatetemeka kwa hasira, anabwata kwa Kipolandi ili jamaa asielewe. Akishashuka, mzee anasema alikuwa akichunga mifuko yake nyuma isiibiwe. Françoise anamshukia: wewe, uliyepitia yale yote, unaongea habari za weusi kama Wanazi walivyoongea habari za Wayahudi! Vladek anashangaa kabisa. Kwake hivyo vitu viwili havifanani hata kidogo. Anaeleza kwamba alipofika New York alifanya kazi kwenye mtaa wa viwanda vya nguo na hapo akaona weusi wakiiba.

Nilikifunga kitabu. Sikukirudia kwa muda. Nilikuwa nimeshampenda yule mzee, nimemlilia, nimeomba Mungu Anja ahamishwe kambi, halafu akanigeukia mimi. Kwa sababu yule mwomba lifti ni mimi, nimesimama barabara za namna ile.

Lakini sikubaliani na wanaosema lingefichwa. Lingefichwa ningekuwa nimedanganywa nimpende mtu asiyekuwepo. Ninachokataa ni ile tabia ya wasomaji wengi wa huku kusema "ona, hata yeye alikuwa binadamu", kisha wanafungua ukurasa unaofuata. Kasoro ya Vladek kwao ni kachumbari ya pembeni. Kwangu ni mtu halisi aliyekaa kiti cha nyuma akisikia anatukanwa kwa lugha asiyoijua.

Jambo moja la kichoraji hapo: yule jamaa kachorwa mbwa, kama Wamarekani wengine wote kitabuni, ila mbwa mweusi. Kwa kalamu ya Art huyo ni Mmarekani kwanza. Kwa macho ya Vladek si hivyo. Wote wawili wamo kwenye mchoro mmoja.

Kabwela

Mhamiaji, pole. Hapo hata mimi nimeacha utani.

Mtoto wa Kibokoni

Wadau, mimi niko Mombasa, nimekisoma maktaba enzi za chuo, na bado sijashawishika na hao wanyama. Mwaniambia kitabu chapinga kuwagawa watu kwa damu, na mwandishi mwenyewe kawagawa mafungu: huyu panya, huyu nguruwe. Wapolandi walikasirika vibaya. Toleo la Kipolandi lilipotoka 2001, waandamanaji walikichoma nje ya ofisi za gazeti la Gazeta Wyborcza, kwa sababu mchapishaji, Piotr Bikont, alikuwa mwandishi wa hapo. Na Vladek mwenyewe alifichwa na Wapolandi, wengine kwa pesa, wengine kwa huruma. Nao ni nguruwe vilevile.

Sasa ndugu zangu mwajadili kama alimkosea babake. Mimi nasema kakosea taifa zima, babake ni sehemu ndogo tu.

Kalamu Butu (mleta mada)

Ndugu wa Mombasa, ule mgawanyo ni wa Wanazi, yeye kauchukua ili aupasue. Juzuu ya kwanza inafunguliwa na maneno ya Hitler kwamba Wayahudi ni kabila lakini si binadamu. Ya pili inafunguliwa na maneno ya gazeti la Ujerumani la miaka ya 1930 lililomtukana Mickey Mouse. Ukitazama vizuri, Vladek anapojifanya Mpolandi ili apande tramu, Art anamvika kinyago cha nguruwe, na kamba inaonekana kisogoni. Yaani ukabila wa pale ni kinyago, na kinyago kinafungwa na kufunguliwa. Juzuu ya pili Art mwenyewe amevaa kinyago cha panya, uso wa mtu uko chini yake.

Bikont naye jibu lake kwa waandamanaji lilikuwa kuvaa kinyago cha nguruwe na kuwapungia mkono dirishani. Sisemi ilikuwa busara.

Mtoto wa Kibokoni

Kinyago chafunguka kwa anayejua kusoma michoro. Mtoto wa shule yeye aona nguruwe tu. Tuendelee.

Jirani wa Nyamirambo

Habari za jioni. Niko Kigali, Kiswahili changu ni cha mtaani, mtanivumilia.

Hiyo ya wanyama kwetu haihitaji kufafanuliwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, redio RTLM ilikuwa ikiwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Mtu akishaitwa mende, anayemwua anajiona anafagia nyumba. Nilipoona panya wa Spiegelman sikuona utani wala mgawanyo, niliona ametwaa tusi lilelile akalipa macho, mke, mkwe, madeni.

Lakini nilichotaka kuchangia ni hiki cha manusura na tabia. Nimekulia katikati ya manusura. Kila mwaka ikifika Aprili wanasimama wanatoa ushuhuda, na sisi tunaosikiliza tunataka wawe wapole, wanyenyekevu, wenye kusamehe. Ikipita Aprili wanarudi kuwa majirani. Mmoja mgomvi wa mipaka, mwingine mlevi, mwingine hamkopeshi hata nduguye. Watu wananong'ona: na yeye tena, baada ya yote? Kana kwamba yale yaliyompata yalikuwa masomo ya maadili na yeye kafeli mtihani.

Ndiyo maana naungana na Kalamu. Yule Vladek wa Rego Park ndiye kwanza aliyenifanya nimwelewe jirani yangu. Simpendi zaidi kuliko zamani, na bado ananinyima ngazi, ila nimeacha kumdai awe mfano.

Ila kwa upande wa ahadi niko na Mwana wa Pangani. Ushuhuda una masharti yake. Mtu akikwambia hili acha, unaacha. Ukilichukua, kesho hakuna atakayekusimulia.

Mwalimu wa Zamu

Naona mmesahau kwamba kitabu hiki kilishafikishwa kizimbani kwelikweli. Januari 2022 bodi ya shule ya kaunti ya McMinn, jimbo la Tennessee, ilikiondoa kwenye mtaala wa darasa la nane, kura kumi kwa sifuri. Sababu walizotoa: maneno machache ya matusi na mchoro mmoja wa mwanamke aliye uchi. Mwanamke huyo ni Anja, ameonekana kidogo sana ndani ya beseni la kuogea, siku aliyojiua. Baada ya habari kusambaa, kitabu kikapanda hadi kileleni mwa mauzo ya Amazon.

Kilichonivutia kwenye sakata lile, hakuna aliyesema kiondolewe kwa sababu baba ametendewa utovu wa adabu. Humu ndani hiyo ndiyo hoja namba moja. Wale waliona matusi na uchi, sisi tunaona mzazi. Mimi nafundisha sekondari, na nikisema ukweli, ningekipeleka darasani wazazi wangekuja kunilalamikia hilohilo la mzazi.

Na ningekipeleka. Vitabu vya maisha ya watu tunavyowapa wanafunzi vimejaa mashujaa waliozaliwa wakiwa na hekima. Watoto wanakariri tarehe, wanajibu mtihani, wanasahau. Sisi wa rika langu tulisoma gazeti la katuni la Sani kwa kujificha chini ya dawati, Ndumilakuwili, Lodi Lofa na wenzake, watu wa ovyo kabisa, na mpaka leo tunawajua kwa majina kuliko wale mashujaa. Mchoro una namna yake ya kubakisha mtu. Hebu fikiria ukurasa wa kwanza kabisa wa Maus: mtoto wa miaka kumi au kumi na moja, mwaka 1958, kiatu chake cha magurudumu kimefunguka, wenzake wamemcheka wakaondoka. Anakwenda kwa baba analia. Baba yuko na msumeno anakata ubao. Anamwuliza: marafiki? Wafungie chumba kimoja bila chakula wiki nzima, ndipo utajua marafiki ni nini. Mtoto wa kidato cha pili ataelewa ukurasa ule bila mimi kusema neno. Ataelewa mzee kaumia, na ataelewa mzee kamwumiza mtoto.

Mwana wa Pangani

Mwalimu, shikamoo. Ukurasa ule hauna ugomvi. Baba alimtendea yeye, ni haki yake kuusimulia. Lucia halikuwa lake.

Bi Subira

Mwalimu kamtaja Anja, nami narudi kwa Anja kabla hamjamsahau tena.

Anja aliandika. Baada ya vita alijaza madaftari ya maisha yake yote upya, kwa kuwa yale ya mwanzo yalipotea vitani. Kitabu kizima Art anayatafuta, anamwuliza baba kila akija, na baba anasema nimetafuta sijayaona. Mwisho wa juzuu ya kwanza anakiri: aliyachoma. Alipofiwa alikuwa na siku mbaya, yakawa na kumbukumbu nyingi mno, akayatia moto. Na anakumbuka kabisa Anja alivyosema: natamani mwanangu akikua apendezwe na haya.

Art anamwita mwuaji, na juzuu hiyo inafungwa kwa neno hilo.

Sasa wewe Mwana wa Pangani unayelilia wosia. Huo nao ulikuwa wosia, wa mama kwa mwanawe, na aliyeuvunja ni Vladek. Mzee aliyefuta maneno yote ya mkewe ndiye huyohuyo anayesema ya Lucia yafutwe. Mtu wa kufuta wanawake wawili! Mimi ningekuwa Art nami ningemkatalia la pili. Hilo la kwanza halikuwezekana kurudishwa.

Kabwela

Duh. Bi Subira kafunga mlango na funguo kaondoka nazo.

Mhamiaji wa Ohio

Hiyo hoja ya Bi Subira sijawahi kuisikia popote na nimesoma mengi juu ya kitabu hiki. Sina la kuongeza.

Mwana wa Pangani

Bi Subira, nimekusoma mara mbili kabla ya kujibu. Kuchoma yale madaftari lilikuwa tendo baya, na sikumbuki kumtetea Vladek kwa hilo. Lakini hesabu yako inasema kosa la baba lilimpa mwana ruhusa. Kwa hesabu hiyo kila ahadi niliyompa mzee wangu naweza kuivunja, kwa maana hakuna mzee asiye na kosa.

Halafu unamtetea Lucia asifutwe. Lucia aliulizwa na nani? Amechorwa sakafuni anambembeleza mwanaume, ana jina na ana ubini, hana sauti yake wala upande wake wa hadithi. Kama huko ndiko kutofutwa, afadhali angeachwa.

Bi Subira

Hilo la Lucia kuwa sakafuni ndiyo simulizi ya Vladek, Art kachora alivyoambiwa. Ukiniuliza mimi, sidhani kama alimshika miguu. Wanaume wakisimulia wapenzi wao wa zamani, kila mmoja alishikwa miguu.

Kalamu Butu (mleta mada)

Hahaha! Dada umenivunja mbavu.

Niongeze jambo kwa Mwana wa Pangani, si kwa kumaliza mjadala. Kabla ya Maus, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Art alichora kurasa chache kuhusu kifo cha mama yake, michoro ya kutisha, mwenyewe akiwa amevaa sare za mfungwa. Alidhani baba hataiona kamwe kwa kuwa si msomaji wa katuni. Mzee aliiona. Akaisoma, akalia, kisha akamwambia mwanawe ni vizuri umeyatoa moyoni. Baadaye Art anawaonyesha yeye na Mala michoro ya kitabu chenyewe, na mzee anasema siku moja utakuwa maarufu kama yule nani... Walt Disney! Art anakurupuka kutafuta kalamu ayaandike kabla hajasahau.

Kwa hiyo Vladek alijua mwanawe ni mtu wa namna gani. Alimwona akichukua msiba wa nyumbani na kuuchapa, kisha bado akaketi mbele ya kinasa sauti mwaka baada ya mwaka.

Mwana wa Pangani

Alijua, ndiyo maana akaomba. Angekuwa hajui asingeomba.

Jirani wa Nyamirambo

Hapo Mwana wa Pangani kapata.

Kabwela

Wakuu, nani ana nakala niazime? Niko Temeke. Naitunza, naapa.

Kalamu Butu (mleta mada)

Yangu iko kwa Mwana wa Pangani tangu Ramadhani. Anaipinga hadharani na kuirudisha hataki.

Mwana wa Pangani

Bado nahakiki ushahidi.